Nasaha ya Mjane: Kumsoma Tena Mwana Kupona kutoka Kona ya Musa

Utangulizi

Mwaka 1993 niliwasilisha tasnifu ya uzamili ambayo sura yake ya tatu ilimhukumu marehemu asiyeweza kujitetea. Marehemu huyo ni Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, aliyemtungia bintiye utendi wa nasaha mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858 ya Miladi, na ambaye hakuishi sana baada ya hapo. Hoja yangu ilikuwa nyepesi kuieleza, na wasahihishaji waliipenda. Nilisema kuwa utendi huo ni chombo cha taasubi ya kiume kilichotiwa kinywani mwa mwanamke. Kwamba mtunzi amemfunga binti yake kwa minyororo ileile aliyofungwa yeye, kisha akaiita minyororo hiyo kidani cha lulu na marijani.

Sikuwa peke yangu katika usomaji huo, wala ushahidi haukukosekana. Anayeufungua utendi kwa mara ya kwanza hukutana mapema na fundisho la radhi tano ambazo kiumbe hana budi kuzipata: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Mtunzi anaeleza kuwa Siku ya Kiyama mume ataulizwa juu ya mkewe, na jibu lake ndilo litakaloamua njia ya mwanamke huyo. Hufuata mafunzo ya kila siku: mume asiamshwe kwa kelele, apepewe alalapo, akandwe, afukiziwe ubani, atunzwe kama mtoto ambaye hajajua kusema. Mke asitoke bila idhini, na akitoka asikawie. Mwanafunzi wa miaka ya 1990, aliyekwisha kuonja nadharia za ufeministi, angesema nini tena?

Katika makala haya sikusudii kuyakana yote niliyoyaandika wakati ule. Nakusudia kueleza jinsi nilivyolipuuza jambo moja lililo wazi, yaani kwamba huyu aliyekuwa akisema si mke. Ni mjane, na ni mgonjwa anayekiona kifo chake. Aliyenionyesha jambo hilo hakuwa mhakiki. Alikuwa mama yangu mzazi, mjane wa Kona ya Musa, ambaye hakusoma shule hata siku moja.

Kona ya Musa

Atokaye Likoni kuelekea Lunga Lunga hupita Ukunda na Kona ya Musa kabla ya kuifikia Gazi na Msambweni. Upande wa mashariki wa barabara, mwendo usio mrefu, iko bahari ya Diani na Galu, na hoteli zake. Kusini kidogo ni Kinondo na kaya yake, msitu ambao wazee wetu waliuhifadhi kabla ya mtu yeyote wa nje kuuandikia ripoti. Mimi sikuzaliwa Kona ya Musa. Nililetwa nikiwa na miaka saba, mwaka 1971, kwa sababu ya kifo.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Aliondoka alfajiri ya siku moja ya kusi pamoja na wenzake wawili, kwenda kutazama malema nje ya mwamba. Ngalawa ilipinduka wakati wa kurudi, katika mlango wa mwamba, pale maji yanapokutana. Wenzake waliogelea wakafika. Yeye hakufika, wala bahari haikumrudisha. Siku tatu watu walitembea ufukweni kwenda na kurudi, na siku ya nne wazee waliwaita wale wawili, wakasikiliza ushahidi wao, wakasema kuwa inatosha. Siku hiyo mama alianza kuhesabu eda yake ya miezi minne na siku kumi.

Nakumbuka mambo machache ya miezi ile. Nakumbuka nguo yake nyeupe na mlango uliokuwa ukiegeshwa. Nakumbuka kuwa hakulia mbele ya watu, na kwamba usiku, akidhani nimelala, alikuwa akisema maneno ya chini kwa chini, kama mtu anayemjibu mwenzake. Eda ilipokwisha, mjomba alikuja kutuchukua. Kwetu Wadigo, ingawa dini imebadili mengi, nguzo ya mwanamke bado ni nduguye wa tumbo moja. Mjomba alimpa mama kipande cha ardhi karibu na barabara, na hapo ndipo nilipokulia, nikiuza mahamri ya asubuhi kwa abiria na wapita njia, mama akisuka makuti na mikeka ya miyaa. Waliokuja kumposa aliwaaga kwa adabu. Alibaki mjane kwa miaka arubaini.

Nayataja haya kwa sababu nilipoandika tasnifu yangu nilikuwa mtoto wa mjane, na sikuona kuwa utendi niliokuwa nikiuchambua ni wa mjane. Msomi anaweza kuukalia ukweli kama kigoda na asiuone.

Usomaji wa barazani

Likizo moja, mwaka uliofuata, nilikwenda nyumbani na nakala ya utendi ili niandae makala. Mama alikuwa barazani na ukili wake. Aliniuliza nasoma nini. Nikamwambia ni maneno ya bibi mmoja wa zamani wa Pate, anamfundisha bintiye namna ya kumtumikia mume. Nadhani nilisema kwa kejeli kidogo. Akasema: “Nisomee, mama.”

Yafaa nieleze neno hilo kwa msomaji asiye wa pwani. Kwetu mzazi humwita mtoto wake wa kike “mama”, kwa mapenzi na pia kwa heshima ya bibi ambaye mtoto huyo amechukua nafasi yake. Mwana Kupona naye humwita bintiye hivyohivyo katika utendi. Nilikuwa nimeliona neno hilo mara nyingi kwenye karatasi na kulipita kama jambo la lahaja.

Nilimsomea. Kiamu cha utendi kilimpa tabu mahali pachache, nami nikawa nafasiri. Mafunzo ya kupepea na kukanda hayakumshtua wala kumfurahisha. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za nyumba ya jirani. Tulipofika mahali ambapo binti anaonywa asichanganyike na watumwa ila kwa kazi, aliacha kusuka. Alisema: “Hapo bibi yako mkubwa kafungiwa mlango.” Hakuongeza neno. Nyanya ya mama yangu aliletwa pwani akiwa msichana, kwa njia ambayo jamaa zetu hawapendi kuitaja, na pwani ya kusini ina majumba na mapango yanayoikumbuka njia hiyo. Nikaona kuwa mama ameigusa kasoro ya utendi kwa sentensi moja, nami niliihitaji kurasa kumi na mbili.

Kisha tukafika sehemu ambayo katika tasnifu niliipa aya moja tu. Mwana Kupona anaacha kuamuru, anaanza kusimulia. Anamwambia bintiye jinsi baba yake alivyomwoa kwa furaha, na jinsi walivyoishi bila kuvunjiana heshima hata siku moja. Anasimulia kuwa ilipofika amri ya Mungu, mume yule alimkaririra radhi, akamshukuru, akamwombea. Kisha anasema kuwa tangu siku ile hata leo kilio chake hakijanyamaza, kila anapokumbuka starehe zao na wingi wa mazoea.

Mama alisema: “Rudia hapo.” Nikarudia. Akasema tena: “Rudia.” Mara ya tatu aliuweka ukili chini. Alikaa kimya kwa muda, halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo: “Mwenzangu huyu alipewa neno lake. Mimi baba yako alitoka nimelala.”

Utendi ulivyogeuka

Usiku ule niliusoma utendi upya kwa taa ya chemli, na nilianza na jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeanza nalo: tarehe. Mume wa Mwana Kupona, Muhammad Is-haq bin Mbarak, ambaye watu walimwita Bwana Mataka, alifariki mwaka 1856. Utendi umeandikwa mwaka 1858. Mtunzi mwenyewe anasema mwanzoni kuwa ameugua mwaka mzima, na kwamba hakuwa amepata nafasi ya kumpa bintiye neno jema. Anamwita asogee, aje na wino na karatasi, akae. Naye alifariki yapata mwaka 1860. Binti huyo ni Mwana Hashima binti Sheikh, aliyeishi hadi karne ya 20 na ambaye naye alikuwa mshairi.

Zikiwekwa tarehe hizo mbele ya macho, utendi mzima hubadilika. Nilikuwa nimezisoma amri zake kama kanuni zinazotolewa na mtu aliyemo ndani ya ndoa, mwenye masilahi ya kuitetea. Lakini nani anayesema “mpepee alalapo”? Ni mtu ambaye aliyempepea amelala kaburini. Nani anayeagiza mume asiamshwe kwa kelele? Ni mtu ambaye hana tena wa kumwamsha. Kila agizo katika sehemu ile ya kati lilikuwa tendo lililokwisha kutendwa na haliwezi kutendwa tena. Kisarufi ni amri; kihistoria ni kumbukumbu. Mjane amelichukua kila zoea la maisha yake na kuligeuza kuwa agizo, kwa kuwa hiyo ndiyo njia iliyobaki ya kulifanya lidumu.

Ndiyo maana ile sehemu ya kifo cha mume haiwezi kuchukuliwa kama pambo la masimulizi. Katika muundo wa utendi ndiyo inayobeba uzito wa hoja. Mtunzi ametaja radhi tano, na ameeleza kuwa ya tano i mikononi mwa mume. Anapofika kwenye kifo cha Bwana Mataka anaonyesha kuwa yeye mwenyewe aliipata radhi hiyo, kwa kauli iliyotamkwa na kukaririwa na mtu anayekufa. Kwa maneno mengine, anatoa hati yake. Mwanamke anayejua kuwa anakwenda kuulizwa anaweka mbele ya bintiye, na mbele ya Mola wake, ushahidi kwamba deni limelipwa. Baada ya hapo haishangazi kuwa sehemu kubwa ya mwisho ni dua: anaomba afya, anawakabidhi kwa Mungu watoto wake na ndugu zake, anawaombea Waislamu wote, kisha anajitaja kama mtu mgeni mwenye huzuni anayeomba msamaha. Anafunga kwa kuhesabu beti zake, mia moja na mbili, na kuandika mwaka. Atakayeusoma kwa makini ataona kuwa huo ni mpangilio wa wasia.

Muktadha wa kisiasa nao unadai nafasi yake. Bwana Mataka aliongoza Siyu, mji wa kisiwa cha Pate uliokataa kuinama mbele ya Seyyid Said wa Zanzibar. Katika miaka ya 1840 jeshi la Seyyid lilishindwa hapo na jemadari wake, Hamad bin Ahmed, akauawa. Sisi wa pwani ya kusini tunazifahamu habari za namna hiyo, kwa kuwa Gazi, umbali mfupi kutoka Kona ya Musa, ilikuwa makao ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepambana na Zanzibar na baadaye na Waingereza hadi alipokimbilia upande wa Wajerumani mwaka 1896. Kila vita vya namna hiyo huacha nyumba za wajane. Mwaka 1858 binti wa Mataka alikuwa yatima wa mtu aliyekuwa na maadui, katika mji ambao katika miaka ya 1860 uliingia chini ya Zanzibar. Mama yake alikuwa anakufa. Angemwachia nini? Ngome hakuwa nayo. Alimwachia adabu, na alimwachia maneno ambayo mtu hawezi kunyang'anywa.

Waliouchapisha utendi hawakuusaidia kusomwa hivyo. Alice Werner aliutoa mwaka 1917, na mwaka 1934 aliutoa tena pamoja na William Hichens kwa jina la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili lingekuwa “Nasaha ya Mwana Kupona juu ya Wajibu wa Mke”. Jina hilo lilielekeza macho ya vizazi vya wasomaji kwenye wajibu na kwenye mke; mjane akapotea. Mwaka 1991 Ann Biersteker aliutazama upya kwa upande wa lugha na mamlaka, na akawalazimisha wahakiki kuuliza kama unyenyekevu wa utendi huu ni unyenyekevu mtupu. Nilikuwa nimeisoma makala yake kabla ya kuandika tasnifu, nikamjibu kwa ujeuri. Leo naona kuwa alikuwa ameufungua mlango ambao mimi niliupita.

Mjane mwingine, bahari ileile

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa katika masomo ng'ambo, nilikutana katika maktaba na maisha ya mjane mwingine wa wakati uleule. Naye ni Emily Chubbuck Judson, Mbatisti wa jimbo la New York, aliyezaliwa mwaka 1817. Kabla ya kuolewa alikuwa mwalimu na mwandishi mwenye wasomaji wengi, akitumia jina la Fanny Forester. Mwaka 1846 aliolewa na Adoniram Judson, mmisionari mkongwe wa Burma aliyekwisha kufiwa na wake wawili, akaenda naye Moulmein. Mwaka 1848 alichapisha kitabu cha maisha ya mke wa pili wa mumewe, Sarah Boardman Judson, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mjane wa mmisionari katika nchi hiyohiyo. Wabatisti wa karne ile walikuwa na utanzu wao, kama sisi tulivyo na tendi za mawaidha: maisha ya mwanamke mchaji, taabu zake, na hasa kufa kwake, yakiandikwa ili wengine wajifunze namna ya kuishi na kufa.

Mwezi wa Aprili 1850 Judson, akiwa mgonjwa sana, alipakiwa katika meli ya Kifaransa iliyokuwa ikielekea kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion. Ilitarajiwa kuwa hewa ya bahari ingemponya. Emily alikuwa karibu kujifungua na hakuweza kufuatana naye. Tarehe 12 Aprili mume alifariki, akazikwa baharini siku hiyohiyo, katika kimya. Siku kumi baadaye Emily alijifungua mtoto ambaye hakuishi. Habari ya kifo cha mumewe ilimfikia baada ya miezi ipatayo minne.

Niliposoma hayo niliifunga nakala ya maktaba na kutoka nje. Miezi minne ni karibu muda wote wa eda. Mwanamke yule aliishi muda huo akiwa mjane bila kujua, akimwombea uzima mtu aliyekuwa chini ya maji ya bahari ambayo mawimbi yake yanafika Galu.

Emily alirudi Marekani mwaka 1851, akawalea watoto, na nguvu alizobaki nazo akazitia katika kazi ya kukusanya barua na karatasi za mumewe ili Francis Wayland aandike maisha yake, yaliyotoka mwaka 1853. Tarehe 1 Juni 1854 alifariki kwa kifua kikuu. Ujane wake ulikuwa wa miaka minne, kama ulivyokuwa, kwa makisio, ule wa Mwana Kupona.

Sipendi ulinganishi unaolazimisha mambo yafanane. Mwana Kupona alikuwa Mwislamu wa ukoo wa kiungwana, aliyeandika kwa hati za Kiarabu katika lugha ya mji wake. Emily Judson alikuwa binti wa wazazi maskini aliyeingia viwandani kufanya kazi akiwa mtoto, kisha akajijengea jina katika magazeti. Lakini wote wawili waliandika wakiwa wagonjwa na wakijua. Tena wote wawili waliukabili ujane kwa kalamu. Tofauti inayonihusu ni moja. Mwana Kupona alikuwapo. Aliisikia kauli ya mwisho, na kauli hiyo ikawa kitovu cha utendi wake, kiasi cha kuweza kuzungumza juu ya nafsi yake mwenyewe. Emily hakuwapo. Hakuwa na kauli ya kuandika, akaiandaa maiti kwa njia nyingine, kwa kukusanya karatasi za mumewe ili mwanamume mwingine aandike kitabu. Mmoja alipata neno akalirithisha. Mwenzake alilikosa, akalitafuta katika kila barua.

Mama yangu alikuwa wa fungu hili la pili. Ila yeye hakuwa na barua.

Radhi

Mama alifariki mwaka 2011. Katika miaka yake ya mwisho nilikuwa nikimtembelea kila nafasi ilipopatikana, na mara nyingi aliniomba nimsomee “yule bibi wa Pate”. Aliruka sehemu ya watumwa. Aliponyanyua mkono nilijua nipite. Sehemu ya kifo cha mume aliitaka daima. Siku moja nilimuuliza kwa nini anaipenda sehemu inayomuumiza. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyesoma sana. Akasema: “Hainiumizi, mama. Nampa baba yako maneno ya kuniambia.”

Nilichelewa kuelewa. Kumbe alikuwa anakisia. Alichukua kauli ya Bwana Mataka, iliyohifadhiwa na mjane wake katika mizani ya utendi, akaitia kinywani mwa mvuvi aliyetoka alfajiri bila kumwamsha mkewe. Ndipo nilipojua alikuwa akimjibu nani katika zile sauti za usiku za utoto wangu. Utendi ulioandikwa ili binti wa kiungwana apate radhi ya mumewe ulikuwa umefika kwa mjukuu wa mjakazi, umbali wa karne moja na nusu, ukamfanyia kazi ambayo mtunzi wake hakuikusudia. Sijui nadharia ya upokezi iliyonifundisha jambo hilo waziwazi hivyo.

Siku ya kufa kwake sikuwapo. Nilikuwa chuoni, nikisahihisha mitihani, na nilikuwa nimeahidi kufika Ijumaa. Alifariki Jumatano baada ya adhuhuri. Shangazi yangu aliyekuwa naye aliniambia kuwa alikunywa maji, akaulizia siku, kisha akasema: “Mwambieni mama nimeridhika naye.” Shangazi aliyasema maneno hayo mara tatu, kwa sauti ya ushahidi, akinishika mikono, kana kwamba alikuwa amekabidhiwa kitu kizito na sasa anakitua.

Sikuweza kulia wakati ule. Niliwaza kuwa nami nimepata neno langu, lakini kwa mkono wa mwingine. Na kwamba anayelipata hivyo hana budi kumwamini mleta habari. Wahakiki wa maandiko hufanya kazi hiyohiyo. Bwana Mataka hatukumsikia. Tumemsikia mjane wake, kupitia wino wa nakala zilizopita mikono mingi.

Hitimisho

Sidai kuwa kuutambua ujane wa Mwana Kupona kunaufuta ubaguzi uliomo katika utendi wake. Mlango aliofungiwa bibi yangu mkubwa bado umefungwa, na haifai mhakiki aufungue kwa hila. Wala sidai kuwa fundisho la radhi ya mume halijatumiwa kuwanyamazisha wanawake. Limetumiwa, na wapo wanafunzi wangu ambao limetumiwa dhidi yao. Dai langu ni dogo zaidi. Nasema kuwa tulilisoma agizo tukaliacha kilio, ilhali vyote viwili vimo katika utendi mmoja na vimetoka katika kinywa kimoja. Na kwamba usomaji unaomnyang'anya mwanamke kifo chake, hata kwa nia ya kumkomboa, unamnyamazisha kwa namna nyingine.

Siku hizi nikifundisha utendi huu sianzi na radhi tano. Nawapa wanafunzi tarehe tatu ubaoni, 1856, 1858 na 1860, nawaomba watoe hesabu, kisha nawauliza nani anayesema, na nani aliye mbele yake na wino na karatasi. Kwa kawaida darasa hukaa kimya kidogo. Halafu tunafungua utendi na kuanza pale mama anapomwita bintiye asogee karibu.